Mlenda wa Segerea na Fumbo la Neno "Ute"

Mtu afikaye Segerea jioni, katika siku za masika, hukuta kando ya njia meza za mbao na mikeka ya wauza mboga. Mchicha upo, matembele yapo, kisamvu kilichotwangwa kipo. Na pembeni yako mafungu ya majani membamba, yenye kingo za msumeno, ambayo yakifikichwa kwa vidole huacha utelezi. Huo ndio mlenda. Zamani muuzaji hakuwa na haja ya kuusifu, kwa kuwa aliyeutaka aliujua na asiyeutaka aliudharau. Siku hizi husifiwa kama dawa. Husemwa kwamba hulainisha magoti ya wazee, hushusha sukari ya damu, hufungua choo, na huongeza damu kwa mama mjamzito.

Katika sifa hizo nne iko iliyo kweli, ziko zilizo kweli kwa sehemu, na iko isiyo na msingi hata kidogo. Ajabu ni kwamba ile isiyo na msingi ndiyo inayosadikiwa kuliko zote. Kujua kwa nini imekuwa hivyo kwataka historia kidogo, maana mboga hii ilizunguka sana kabla ya kufika mezani Segerea, na kila ilipopita ilivikwa maneno ya watu wa mahali pale.

Kwanza jina lenyewe. Mlenda halikuwa jina la mmea mmoja. Lilipewa mimea mingi iliyoshirikiana tabia ya kutoa ute ipikwapo. Mkubwa wao ni ule ambao wataalamu huuita Corchorus olitorius, pamoja na ndugu zake wa porini. Lakini katika nyanda za kati za Tanzania mlenda waweza kuwa pia jamaa wa ufuta, kama Ceratotheca sesamoides na Sesamum angustifolium, ambao si ndugu wa ule wa kwanza kwa nasaba yoyote ya karibu. Wagogo huuita ilende, Waluo apoth, Waluhya murere. Bamia, ambayo jina lake lilitoka kwa Waarabu, ni wa jamii hiyo kwa ute wake, ijapokuwa liliwalo ni tunda. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha Amani, Usambara, alipotoa kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili katika miaka ya 1930, alikuwa na kazi ngumu ya kulinganisha majina ya watu na majina ya Kilatini. Kwa kuwa watu huita mimea kwa kazi yake na ladha yake, na wataalamu huita kwa maua yake. Mpishi ambaye hula majani hana sababu ya kuhesabu petali.

Huyo Corchorus olitorius ana habari ndefu. Misri huitwa mulukhia, na ni chakula cha fahari. Khalifa al-Hakim bi-Amr Allah wa nasaba ya Fatimiya, aliyetawala Kairo tangu mwaka 996 hata 1021, aliipiga marufuku mboga hiyo, na wanahistoria husimulia kuwa sababu yake ilikuwa ni kupendwa kwake na Muawiya, hasimu wa kale wa ukoo wa Ali. Hata leo hunenwa kwamba Wadruzi wengi hawaili. Wamisri nao hupenda kusema kwamba jina lake limetokana na wafalme. Bengali mmea huohuo huachwa urefuke, ukavunwa kwa ajili ya gamba lake, nao ndio mojawapo ya mimea miwili itoayo juti. Kwa hiyo gunia lililobebwa mgongoni na mchukuzi wa bandari ya Dar es Salaam huenda lilikuwa ni binamu wa mboga aliyoila usiku uliotangulia. Na Japani, katika miaka ya 1980, mulukhia iliingizwa sokoni kwa jina la mboga ya wafalme, ikauzwa kwa bei kubwa kama chakula cha siha. Hivyo jani ambalo watoto wa mji hulionea haya mbele ya wageni lilikwisha kuwa la kifalme mara mbili, kwa Waarabu na kwa Wajapani.

Katika Ugogo halikuwa la kifalme wala la haya. Nchi ile hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na yote hunyesha katika msimu mmoja, kama tangu Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki ardhi hukauka ikawa kama kigae. Mlenda huota wenyewe mashambani mara mvua zinapoanza, katikati ya mtama na uwele, kabla nafaka haijakomaa. Yaani hutokea wakati ule hasa ambapo ghala la mwaka uliopita limekwisha na la mwaka mpya halijajaa. Wanawake huuchuma, wakala mbichi kwa miezi michache, na ulio mwingi wakauanika, wakautwanga, wakauweka unga wake katika vyombo. Wakati wa kiangazi konzi moja ya unga huo, maji, chumvi, magadi kidogo, na karanga zilizosagwa zikipatikana, hutosha kuwa kitoweo cha nyumba nzima. Pia ute wake hulainisha ugali wa uwele, ambao peke yake ni mkavu kooni. Na hiyo, kabla ya habari zote za vitamini, ndiyo faida ya kwanza ambayo mtu wa nchi kavu aliithamini.

Yafaa kutoitia chumvi nyingi habari hii. Mlenda haukuwahi kuwaokoa watu na njaa kuu. Katika njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua kukataa, yakadiriwa kwamba walikufa watu wapatao 30,000. Mvua inapokataa, mlenda nao hukataa. Na mboga bila ugali haimshibishi mtu. Kazi yake ilikuwa katika miaka ya kawaida, ile ambayo vitabu vya historia huiruka: kuzuia mwili usidhoofike kidogo kidogo katika miezi minane ya kiangazi, wakati chakula kilikuwa nafaka tupu.

Wataalamu wa Kizungu walichelewa kuliona jambo hilo. Mwaka 1931 Orr na Gilks walitoa taarifa yao juu ya siha ya Wakikuyu na Wamasai, na hapo ilionekana kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani kuliko wanaume wao. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilitoa taarifa juu ya lishe katika makoloni yake yote. Walakini bustani za shule na za misheni ziliendelea kulimwa kabeji, karoti na nyanya, na mlenda ukaendelea kung'olewa kama gugu. Mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba mboga ni ile iliyopandwa kwa mstari alirudi nyumbani akamkuta mama yake anachuma ile iliyoota yenyewe. Na ni rahisi kukisia ni ipi kati ya hizo mbili aliyoiona kuwa ni ya maendeleo.

Kongwa, katika Ugogo hiyohiyo, palifanyika kichekesho kilichogharimu fedha nyingi. Tangu 1947 serikali ya Uingereza ilifyeka pori kwa matrekta ili ilime karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Waingereza. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kupoteza kama pauni milioni 36, kwa kuwa mvua na udongo havikutii hesabu za London. Wanawake wa Kongwa waliokuwa wakiponda karanga zao chache katika mlenda walikuwa na elimu ya nchi ile iliyokosekana katika ofisi za mpango huo. Na walikuwa wanafanya, bila kujua jina lake, jambo ambalo leo hufundishwa vyuoni: ile rangi ya majani iitwayo karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Karanga za bara na tui la nazi la Pwani zina sababu moja.

Elimu iliyougeuza ute kuwa jambo la kisayansi ilianzia Afrika ya Mashariki, ingawa haikuanzia kwenye mlenda. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, walifanya kazi madaktari wawili, Hugh Trowell na Denis Burkitt. Trowell alikusanya orodha ya maradhi ambayo aliyaona nadra kwa Waafrika wa wakati wake na mengi kwa Wazungu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Burkitt, mpasuaji ambaye alifika Uganda mwaka 1946 na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya taya za watoto, aliichukua hoja hiyo akaieneza duniani. Pamoja walitoa kitabu mwaka 1975, wakidai kwamba upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula kilichokobolewa ndio chanzo cha kufunga choo na maradhi mengi ya utumbo, na labda cha kisukari pia. Si madai yao yote yaliyosimama. Lakini neno nyuzinyuzi liliingia katika utabibu, na halijatoka.

Nyuzinyuzi ni za namna mbili, na hapa ndipo mlenda unapopata nafasi yake. Ziko ngumu, kama pumba, ambazo hupita tumboni karibu kama zilivyoingia. Na ziko zinazoyeyuka katika maji zikawa uji mzito. Ute wa mlenda na wa bamia ni wa namna hii ya pili, nao kwa asili yake ni minyororo mirefu ya sukari ambayo vimeng'enya vya tumbo la mwanadamu haviwezi kuikata. Mwaka 1978 David Jenkins na wenzake waliwapa watu sukari iliyochanganywa na nyuzinyuzi za aina mbalimbali, wakapima damu zao. Iliyopunguza kupanda kwa sukari kuliko zote ni ile iliyokuwa nzito kuliko zote, na ilipovunjwavunjwa hata ikapoteza uzito wake, faida yake ilipotea. Maana yake ni kwamba utelezi ule ambao mtoto wa mjini huukunjia uso ndio wenyewe unaofanya kazi: huchelewesha chakula tumboni, na sukari huingia katika damu pole pole. Basi sifa ya choo ni ya kweli, na ya sukari ni ya kweli kwa kiasi.

Kwa kiasi gani? Swali hili si la mzaha katika Dar es Salaam. Mwaka 1989 Donald McLarty, tabibu wa Muhimbili, na wenzake walitangaza kwamba katika vijiji sita vya Tanzania walivyopima, watu wazima wenye kisukari hawakufika mmoja katika mia. Mwaka 2000 ulitangazwa uchunguzi mwingine uliolinganisha Dar es Salaam na vijiji vya Kilimanjaro: mjini walikuwa karibu sita katika mia, vijijini kama mmoja au wawili. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta 9.1 katika mia kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Katika kizazi kimoja ugonjwa ambao ulikuwa habari ya kusikia umekuwa habari ya nyumba ya jirani. Mtu aliyehama kutoka Singida akaja kuishi Segerea aliacha mambo mengi nyuma yake: mwendo mrefu wa miguu, jembe, uwele, na mlenda. Akabaki na chapati, soda na kiti cha daladala. Kurudisha mlenda peke yake hakurudishi yote yaliyoachwa.

Wala ute si dawa ya kushika mahali pa dawa. Mwaka 2011 wachunguzi wa Bangladesh waliwapa panya maji ya bamia pamoja na metformini, dawa ya kisukari itumikayo sana, wakaona kwamba ute ulioizuia sukari isiingie haraka uliizuia dawa pia. Panya si binadamu, na bamia si mlenda; lakini ishara hiyo yatosha kumfanya mgonjwa asimeze kidonge chake katikati ya sahani ya mlenda kabla ya kumuuliza daktari wake. Kadhalika mtu atumiaye dawa ya warfarini ya kuzuia damu isigande apaswa kuangalia wingi wa majani ya kijani alayo, kwa ajili ya vitamini K iliyomo. Muuzaji asemaye kwamba mlenda hushusha sukari hasemi uongo. Hatari ipo kwa msikilizaji anayekwenda nyumbani akaviweka vidonge vyake kabatini.

Ile sifa ya kuongeza damu nayo ina upande wake wa kweli. Majani haya yana chuma na foleti, na foleti ni ya lazima kwa mama mjamzito tangu majuma ya kwanza. Lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama, na chai inyweywayo pamoja na chakula hukizuia zaidi. Upishi pia una hukumu yake. Magadi hulainisha majani na kuuzidisha utelezi, lakini huiharibu vitamini C, ambayo ndiyo msaidizi wa chuma. Na jua kali la kuanikia huila karotini, ndiyo sababu ya kufaa kuanika kivulini. Ndimu ikikamuliwa juu ya sahani yaweza kurudisha sehemu ya kile ambacho magadi yamekichukua.

Yabaki magoti. Hapa ndipo lugha yenyewe ilipogeuka kuwa mganga. Kiswahili huita kwa neno moja, ute, weupe wa yai, utelezi wa bamia, na yale majimaji yaliyo katikati ya mifupa ya goti. Tena mzee aumwaye na magoti huambiwa kwamba ute wake umekwisha. Mtu akisikia kwamba ute wa goti umekwisha, na mbele yake pana sufuria iliyojaa ute, ni mantiki gani nyingine aifuate? Lakini vitu hivyo havina udugu ila wa jina. Majimaji ya goti hutengenezwa na mwili wenyewe ndani ya kiungo. Ute wa mlenda hauvuki ukuta wa utumbo ukaingia katika damu. Hushuka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria huula. Hakuna njia itokayo sahani mpaka goti. Anayepungua uzito kwa kula mboga badala ya mafuta mengi huenda akapata nafuu ya magoti, maana yanabeba mzigo mdogo. Ila hiyo ni nafuu ya mizani, si ya utelezi.

Wazo la kwamba kinachofanana huponya kinachofanana si la Waswahili peke yao. Wazungu wa karne ya 16 waliamini vilevile kwamba jani lenye umbo la ini lilitiwa alama na Mungu ili litibu ini. Waliliacha wazo hilo polepole, na si wote. Kinachotia huzuni katika habari ya mlenda ni kwamba mboga yenye sifa za kweli hupendwa kwa ajili ya sifa ya uongo. Na mzee aliyekula mwaka mzima bila goti lake kupona huweza kuitupa pamoja na faida zake zote.

Uko mwingine uzito ambao wauzaji hawautaji. Mto Msimbazi hutoka milima ya Pugu, hupita katikati ya makazi na viwanda, hata kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salander. Bonde lake limelisha mji kwa miaka mingi. Katika dhiki ya miaka ya 1970 na 1980, wakati mishahara haikutosha na serikali ilihimiza kila mtu alime, bustani za mabondeni zilikuwa mkombozi wa nyumba nyingi, na mboga za majani, ambazo huharibika upesi, hazikuweza kungoja malori ya mbali. Lakini mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walitangaza katika jarida la kimataifa la Food Chemistry kwamba mboga za majani zilizoota kando ya mito ya Sinza na Msimbazi zilikuwa na madini mazito, risasi ikiwamo. Risasi haitoki yote kwa kuosha jani wala kwa kulichemsha, na wanaoumizwa nayo kwanza ni watoto. Faida zote zilizotajwa hapo juu, za nyuzinyuzi, za foleti na za karotini, zachukulia kwamba jani limeota katika udongo safi.

Kwa hiyo swali ambalo bibi wa Ugogo hakuwa na haja ya kuliuliza, kwa kuwa shamba alilijua na mvua aliiona, limekuwa swali la kwanza Segerea: umelimwa wapi? Mchuuzi mara nyingi hajui, kwa maana amenunua alfajiri kwa mchuuzi mwingine. Kando ya mafungu mabichi, katika masoko ya mji, huwekwa pia unga wa kijani uliofifia, mlenda mkavu wa bara, katika vifuko vidogo. Huo umepoteza vitamini C yake na sehemu ya karotini juani. Ute wake haujapotea. Ukitiwa katika maji ya moto hurudi kama ulivyokuwa, na maji ya Msimbazi haukuyanywa. Husafiri kutoka Dodoma kwa basi, na wanaounua aghalabu ni watu wazima waliokuja mjini na ladha yake kinywani. Watoto wao, waliozaliwa Segerea, husubiri matembele.